Miche ya mvinje kwa mashimo ya kokoto: inapofaa na inaposhindwa

Mwenye shimo la kokoto lililokwisha akiingia kitaluni kuuliza apande nini, mara nyingi hutoka na miche ya mvinje. Kwa pwani na nyanda za chini hilo ni jibu zuri. Kwa kuta za shimo ni jibu baya, na kwa anayetaka kupanda aende zake asirudi tena, ni jibu litakalomwachia miti iliyosongamana juu ya zulia kavu linalosubiri kiberiti. Tunaupa mvinje nyota 4 kati ya 5 kwa sakafu ya shimo na nyota 1 kwa kuta. Tunamsihi mnunuzi asome yote kabla hajatoa hela, maana makosa mengi yanayoua miche hii hufanyika siku ya kuinunua na siku ya kuchimba mashimo ya kupandia.

Tunaouzungumzia ni mvinje wa pwani, Casuarina equisetifolia, ule unaovuma kwa upepo kando ya bahari na ambao nguzo zake hubeba mapaa ya makuti.

Rekodi yake

Ushahidi wa wazi zaidi uko Bamburi, kaskazini mwa Mombasa. Kiwanda cha saruji cha hapo kilianza uzalishaji mwaka 1954 kikichimba matumbawe ya kale, na kila kilipomaliza sehemu kiliacha uwanja mweupe wa mawe matupu, jua kali juu na maji ya chumvichumvi karibu sana chini. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kupanda miti humo. Kati ya aina 26 zilizojaribiwa, zilizosimama zilikuwa 3: mvinje, mnazi, na Conocarpus lancifolius unaotoka upande wa Somalia. Mwaka 1987 Haller aliingizwa kwenye orodha ya heshima ya Global 500 ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, na leo machimbo hayo ni Haller Park. Mgeni huenda kutazama twiga na viboko. Mwenye shimo la kokoto aangalie chini ya viatu vyake: ule udongo mweusi anaoukanyaga haukuletwa na lori. Ulitengenezwa na mivinje na majongoo, na tutarudi kwa majongoo hao.

Rekodi hiyo isinakiliwe bila kufikiri. Matumbawe ni chokaa, kwa hiyo sakafu ya Bamburi ni ya alikali, na maji hayakuwa mbali na mizizi. Shimo la moramu jekundu mara nyingi lina tindikali na hufunga fosforasi isifike kwenye mmea. Shimo la kokoto ngumu, kama zile zinazovunjwa Lugoba kwa ajili ya zege, halina chokaa nyingi wala maji ya karibu. Mche ni uleule, ila maandalizi hubadilika, na hapo ndipo wengi huteleza: wanaiga picha ya Bamburi bila kuangalia jiwe lao.

Kitaluni: hesabu vimeno, chana kiriba

Hakikisha kwanza umeuziwa mti sahihi. Shika kimoja cha vile vijiti vya kijani vinavyoning'inia. Watu huviita majani, lakini majani yenyewe ni vimeno vidogo mno vilivyozunguka kila kiungo. Vuta kijiti kiachie kwenye kiungo, kisha geuza ncha ielekee mwangani na uhesabu vimeno. Mvinje wa pwani huwa na 7 au 8, mara nyingine 6. Ukikuta 12 na kuendelea, umeshika Casuarina glauca, ambao huchipua kutoka mizizini. Shimoni utakupa kichaka kisichokuwa na nafasi ya mti mwingine, na kila ukikata unaongeza machipukizi. Usiununue hata ukiuzwa nusu bei.

Mche mzuri una urefu wa sentimita 30 hadi 50, umri wa miezi 4 hadi 6, na shina la unene wa penseli nyembamba pale linapokutana na udongo. Mrefu kuliko hapo unaonekana wa thamani zaidi, lakini ukishushwa shimoni kwenye joto la mawe hupoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoweza kuyarudisha. Muulize mwenye kitalu kama miche imekomazwa, yaani imepunguziwa maji na kutolewa kivulini kwa wiki 3 au 4. Mche laini wa kijani kibichi, uliotoka jana chini ya wavu wa kivuli, hautafika wiki ya pili.

Kisha omba kuchana kiriba kimoja, yaani kile kifuko cha plastiki kinachobeba mche, katika kila miche 100 unayotaka kununua, na uulipie huo uliochanwa. Mwenye kitalu anayekataa anakuambia kitu. Suuza mizizi kwenye ndoo na uangalie mambo matatu. Ncha za mizizi ziwe nyeupe. Mzizi mkuu usiwe umejizungusha chini ya kiriba kama kamba kwenye ndoo ya kisima. Huo hautanyooka tena, na mti utang'oka kwa upepo wa kusi ukiwa na miaka 4 au 5, pale ulipoanza kuwa na faida. Jambo la tatu ndilo lenye uzito kuliko yote: vinundu.

Vinundu vya mvinje havifanani na vile vya kunde au maharage. Ni vichala vidogo vilivyogawanyika na kugandamana, kama tangawizi changa ya ukubwa wa punje ya mbaazi, vimeshikilia ubavuni mwa mzizi. Ndani yake wanaishi bakteria waitwao Frankia, na kazi yao ni kuchukua naitrojeni ya hewani na kuulisha mti. Mabaki ya kokoto hayana naitrojeni ya maana. Mche wenye vinundu hujitegemea, usio navyo hukaa na rangi ya njano miezi sita, ukiwa na urefu uleule uliotoka nao kitaluni, hadi mbuzi au kiangazi kiumalize. Bonyeza kinundu kwa ukucha: kilicho hai ni kigumu, kilichokufa ni cheusi na husagika. Upandaji wa mivinje kwenye mchanga wa pwani ya Senegal umepimwa ukiingiza ardhini takriban kilo 58 za naitrojeni kwa hekta kwa mwaka. Kwa ardhi isiyo na kitu, hiyo ni samadi inayojileta yenyewe.

Ukikuta miche mizuri kwa kila kigezo ila haina vinundu, bado inaokoka. Chimba taratibu chini ya mvinje mkubwa wenye afya, sentimita 10 hadi 20 za juu, upate vinundu hai. Vioshe, viponde kwenye kinu, na uchanganye gramu 10 hadi 20 kwa kila lita ya maji. Maji ya bomba yenye klorini yaache wazi usiku mzima kwanza. Mwagia kila mche mililita 10 hivi shinani, jioni jua likiwa limeshuka, na uupe wiki 6 kitaluni kabla ya kuupanda. Vitalu vingi hufanya njia fupi ya kuchanganya udongo wa chini ya mvinje mkubwa kwenye viriba. Inafanya kazi, lakini udongo huo hubeba kila kilichomo. Mnyauko bakteria unaoua nyanya na viazi huua pia mvinje, kwa hiyo usichote udongo chini ya mti unaokauka matawi, na usinunue miche iliyopangwa kando ya tuta la nyanya zinazonyauka.

Mbegu je? Kilo moja ina mbegu laki kadhaa, nyepesi kama pumba, na hupoteza uhai ndani ya miezi michache zikiwekwa kwenye joto la kawaida. Sisimizi huzibeba kabla hazijaota. Kumwaga mbegu za mvinje moja kwa moja shimoni ni kupoteza hela, nunua miche.

Sakafu kwanza

Mche ndio kitu cha bei ya chini kuliko vyote katika kazi hii. Gharama iko kwenye ardhi, na anayebana matumizi hapo atapanda mara mbili.

Sakafu ya shimo imeshindiliwa na malori kwa miaka. Mzizi ukifika kwenye tabaka hilo hugeuka na kutambaa ubavuni, na mti mzima unakaa juu ya sahani. Pitisha meno ya buldoza kwa kina cha sentimita 50 hadi 60, mara mbili, mistari ya pili ikikata ya kwanza. Penye mteremko, mistari ifuate kontua. Fanya kazi hii wakati wa kiangazi, ardhi ikiwa kavu na inapasuka. Ikifanywa baada ya mvua, jino hupita kama kisu kwenye ugali: linaacha mfereji mwembamba, na pembeni kumebaki kugumu vilevile. Pasipo na mashine, sululu na mtaimbo vinatosha kwa eneo dogo, mradi kila shimo la kupandia lipasuliwe chini yake pia.

Jaribu maji kabla ya kuchimba mashimo yote. Chimba moja la sentimita 45, lijaze maji, rudi baada ya saa 24. Maji yakiwa bado yamesimama, hapo usipande shimoni. Panda juu ya kichuguu cha sentimita 40 hadi 50, au kata mtaro wa kuyatoa. Mvinje huvumilia mafuriko ya siku chache, hauvumilii dimbwi la masika yote.

Udongo wa juu ulioondolewa siku ya kwanza ya uchimbaji ni mali kuliko kokoto zenyewe, na inauma kuona unavyouzwa kama kifusi. Ukiwepo, rundo lisizidi mita 2 kwenda juu na lisikae zaidi ya mwaka mmoja, maana katikati ya rundo kubwa hakuna hewa, na mbegu na vijidudu hufa. Tandaza sentimita 10 hadi 15. Ukiwa mchache, usiutawanye kama chumvi. Uweke wote kwenye mashimo.

Shimo la kupandia liwe sentimita 60 kila upande. Hilo ni lita 216, karibu madebe 11. Weka madebe 4 ya udongo wa juu, madebe 2 ya mboji au samadi iliyooza kabisa, na sehemu iliyobaki ujaze kwa chembe ndogo zilizochekechwa palepale. Samadi mbichi huita mchwa, na mchwa kwenye shimo kavu humaliza mizizi kabla hujajua. Mawe makubwa kuliko ngumi yapange juu, yakizunguka mche bila kugusa shina: hupunguza ukavu, na usiku hukusanya umande.

Kwa mbolea, angalia jiwe lako. Kwenye moramu lenye tindikali, gramu 150 za fosfeti ya Minjingu kwa shimo, ikichanganywa na udongo wa nusu ya chini, huleta tofauti unayoiona kwa macho, kwa sababu vinundu vinahitaji fosforasi na tindikali huiyeyusha fosfeti hiyo polepole. Kwenye matumbawe fosfeti hiyohiyo hulala tu haiyeyuki, kwa hiyo ongeza mboji badala yake. Urea na CAN usiweke kabisa. Mche unaolishwa naitrojeni kwa mkono huacha kutengeneza vinundu, na siku mbolea ikiisha huna mti.

Nafasi ya mita 2.5 kwa 2.5 inakupa miche 1,600 kwa hekta, au takriban 650 kwa ekari. Fanya hesabu ya ekari hiyo moja kabla ya kuagiza: mboji ni madebe 1,300, yaani mita za ujazo 26, na udongo wa juu ni mara mbili yake. Nunua miche 10 zaidi kwa kila 100 kwa ajili ya kupandikizia iliyokufa. Mtu akikuambia atakurudishia shimo lako kwa bei ya miche na vibarua wa siku mbili, mwulize mboji hiyo itatoka wapi.

Panda masika yakishakaa. Manyunyu ya kwanza hayahesabiki. Subiri udongo uwe na unyevu kwa kina cha sentimita 30. Chana kiriba chote na ukitoe, kwani bado tunakuta mivinje ya miaka mitatu iliyodumaa ikiwa na plastiki yake chini. Mvua zikikatika, lita 10 kwa mche mara mbili kwa wiki katika miezi 2 ya mwanzo. Kwa ekari ni lita 6,500 kila mzunguko, kwa hiyo jua mapema boza la maji litapita njia gani kushuka shimoni. Mwagilia polepole kwenye kisahani cha udongo kuzunguka mche, maana juu ya kokoto maji ya haraka hukimbia pembeni. Zungushia miiba, mbuzi hupenda mche wa mwaka wa kwanza.

Kuta zinataka bidhaa nyingine

Kuhusu kuta tuna msimamo mkali, kwa sababu kosa hapa huangusha ardhi juu ya watu. Mivinje iliyopandwa kwenye ukuta wa kokoto ulio wima hukua vizuri miaka miwili, kisha uzito na upepo huing'oa pamoja na ukuta. Ukingoni juu pia, kaa mita 3 ndani kabla ya kupanda mti wowote.

Lazeni ukuta kwanza, mita 2 za ulalo kwa kila mita 1 ya kimo. Kisha nyasi za vetiva, ambazo kwa kazi hii tunazipa nyota 5. Mizizi yake hushuka wima, haisambai, na katika udongo mzuri hufika mita 3 ndani ya mwaka wa kwanza. Kwenye mabaki ya kokoto tegemea pungufu ya hapo. Nunua vipandikizi vya machipukizi 2 au 3 kila kimoja, majani yamekatwa yabaki sentimita 20, mizizi sentimita 5 hadi 10, na vipandwe siku ileile au vikae kwenye tope. Nafasi ni sentimita 10 hadi 15 kwenye mstari, kwa hiyo hesabu 7 hadi 10 kwa mita, na mstari mmoja kwa kila mita 1 ya kimo. Usiache pengo hata moja. Maji hulitafuta, hupita hapo yote, na pengo la shubiri moja huwa korongo kwa msimu mmoja. Dai aina isiyotoa mbegu hai, isije ikaingia mashamba ya jirani. Vetiva haipendi kivuli, kwa hiyo mivinje ya sakafuni isisogezwe hadi ikaifunika.

Kati ya mistari, wavu wa kamba za makumbi ya nazi huzuia chembe zisitiririke hadi nyasi zikamate. Wa gramu 400 kwa mita ya mraba unatosha kwenye mteremko wa wastani; palipo pakali chukua wa gramu 700. Wa makumbi hudumu miaka kadhaa, wa juti huoza mapema mno kwa kazi hii. Zika ncha ya juu kwenye mtaro wa sentimita 30, vipande vipandane sentimita 15, na piga vigingi 2 hadi 3 kwa mita ya mraba. Wavu hushindwa kwa sababu moja karibu kila mara: umetandazwa juu ya mawe yaliyochomoza, ukabaki hewani kama hema, na maji yakachimba chini yake huku juu kukionekana salama. Sawazisha kwa reki kwanza, kisha uukanyage ushike ardhi.

Majongoo

Mvinje hudondosha vijiti vyake mwaka mzima, na vijiti hivyo vina tanini nyingi inayozuia kuoza. Visipoliwa hurundikana hadi mbegu za miti mingine hazifiki ardhini, na rutuba yote hubaki imefungwa juu. Bamburi walikwama hapohapo. Aliyewakwamua ni jongoo wa pwani mwenye mwili mweusi na miguu myekundu, Epibolus pulchripes, aliyeonekana akila vijiti hivyo. Wakaanza kumleta kwa wingi. Anachokula hutoka kama vidonge vidogo vya kahawia, na vidonge hivyo bakteria wanaviweza. Inua zulia la vijiti chini ya mivinje iliyo hai kweli utaona matabaka yake: juu vijiti vizima, katikati vipande vilivyotafunwa, chini vidonge, na chini kabisa kitu kinachopakaa vidole weusi. Hicho ndicho ulichokuwa unakinunua.

Wahenga walisema atupaye jongoo hutupa na mti wake. Shimoni maneno hayo yana ukweli wa moja kwa moja, na bado kuna wanaopulizia dawa ya wadudu chini ya mivinje kwa kuchukia majongoo tu.

Usiwalete mapema. Subiri vijiti vifikie sentimita 3 hadi 5 na kivuli kiwe kimefungana, kwa kawaida mwaka wa 2 au wa 3. Wakusanye wakati wa mvua, wanapojitokeza chini ya miembe na kwenye vichaka vya karibu, na uwaweke kwenye marundo yenye unyevu katikati ya eneo, siyo ukingoni. Kiangazi watajichimbia, kwa hiyo usidhani wamekufa. Ukiwa bara, tumia majongoo wa hapohapo. Usisafirishe wa pwani.

Mwaka wa 3 na kuendelea

Hapa ndipo nyota ya tano inapokosekana. Mvinje mzuri hupanda mita 2 hadi 3 kwa mwaka, na mafanikio hayo humlaza mwenye shimo usingizi. Ukiachwa msongamano, hakuna kitakachoota chini yake, na moto mmoja ukiingia kwenye vijiti vikavu unaua miti yote, kwa kuwa mvinje hauvumilii moto. Kata njia ya kuzuia moto, mita 5 zisizo na vijiti, kuzunguka eneo na kati ya sehemu zilizopandwa.

Mwaka wa 3 au wa 4 ondoa theluthi moja, ukianza na iliyopinda na iliyodumaa. Mwaka wa 6 ondoa tena hadi ibaki nusu. Nguzo zina soko pwani nzima, na mauzo hayo hulipia sehemu ya boza na mboji. Ukatwe chini kabisa: mvinje wa pwani kwa kawaida hauchipui kutoka kwenye kisiki, kwa hiyo nafasi uliyoifungua inabaki wazi.

Katika nafasi hizo ingiza miti ya asili, na hiyo ndiyo sababu ya kuanza na mvinje. Mbambakofi, mkwaju na mvule zinafaa pwani. Mvule hasa hushukuru kivuli chepesi: ukipandwa juani peke yake, mdudu Phytolyma hutia uvimbe kwenye machipukizi yake, yakaoza, na mche ukabaki unaanza upya kila msimu. Chini ya mivinje iliyopunguzwa mashambulizi hupungua. Panda miche ya sentimita 50 au zaidi, sukuma vijiti pembeni kwa upana wa mita 1 hadi uone udongo, na usiweke mbolea. Chukua madebe 2 ya ule udongo mweusi wa chini ya zulia la jirani.

Wasionunue

Juu ya mita 1,400 hivi mvinje wa pwani hudorora kwa baridi; wenye mashimo ya nyanda za juu waulizie Casuarina junghuhniana, na masharti yote ya vinundu yanabaki. Kwenye ukame wa katikati mwa Tanzania, anza na migunga ya kwenu na visiki vilivyobaki hai kando ya shimo, vikipogolewa na kulindwa dhidi ya mifugo; ni nafuu na havihitaji boza. Shimo linalopakana na msitu wa asili au fukwe wanakotaga kasa lisipandwe mvinje, kwani mbegu husafiri kwa upepo. Florida na Bahama umeshakuwa mti vamizi, na kuung'oa fukweni ni kazi ya miaka.

Oda ya miche iwekwe miezi 6 kabla ya masika, ukimtajia mwenye kitalu kwa maandishi aina, urefu, ukomazaji na vinundu, pamoja na kwamba utachana kiriba kimoja kwa kila 100 siku ya kuchukua.